Moto wa Bani: Namna ya Kupata Moto Mkali na wa Kudumu kwa Kuni Chache



Somo hili ni lako wewe unayelima tumbaku ya mvuke katika Ushetu na sehemu nyingine za Kahama, na wewe uliye Bukombe au Mbogwe katika Mkoa wa Geita. Umekwisha kujifunza kuotesha miche, kupalilia, kukata maua na kuondoa machipukizi. Kazi hiyo yote ya miezi mingi huingia ndani ya bani na kukaa humo siku tano, sita au saba. Katika siku hizo chache mavuno yako hayategemei tena mvua wala mbolea. Yanategemea moto.

Nimekagua mabani kwa miaka mingi, na lalamiko ninalolisikia mara kwa mara ni hili: "Bwana Shamba, kuni zinakwisha upesi, wala joto halipandi." Mkulima mwenye lalamiko hilo kwa kawaida huongeza kuni. Mara nyingi hiyo siyo dawa. Kuni nyingi katika tanuru lenye kasoro huongeza moshi tu.

Moto mkali na wa kudumu hutokana na mambo matatu: kuni kavu, hewa ya kiasi, na bani lisilovuja. Likikosekana moja, mengine mawili hayatakuokoa. Basi tuyatazame moja baada ya jingine, kisha tuone jinsi ya kulisha moto usiku na mchana mpaka kikonyo cha mwisho kikauke.

1. Usiku mmoja na hasara yake

Msimu mmoja niliitwa asubuhi na mkulima mwenye bani zuri la matofali. Majani yake yalikuwa yamegeuka njano safi, nayo yalikwisha kukauka ubavuni. Vilibaki vikonyo tu. Usiku ule mvua ilinyesha, na kuni zake zilikuwa zimelundikwa nje bila kufunikwa. Kijana aliyekuwa zamu aliweka kuni zilizolowa, moto ukafuka moshi, joto likashuka, naye akashindwa kulirudisha hadi kulipopambazuka.

Nilipofungua mlango wa bani niliona michirizi myeusi kando ya uti wa kila jani. Maji yaliyokuwa bado ndani ya kikonyo yalirudi katika jani lililokwisha kukauka, yakalitia doa. Hakuna dawa ya kuondoa doa hilo. Tumbaku ile ilitoka shamba zuri, ikapata daraja la chini sokoni.

Angalia vema: mkulima yule hakukosa kuni. Alikuwa na lundo kubwa. Alichokosa ni kuni kavu chini ya paa.

2. Maji yaliyojificha ndani ya kuni

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Katika miti mingi, kuni mbichi za kilo 100 huwa na maji kilo 45 hivi, yaani zaidi ya madebe mawili ya lita 20. Huyaoni kwa macho, lakini moto huyaona. Kabla kuni haijatoa mwali hapana budi maji hayo yachemke na kutoka kama mvuke, na joto la kuyachemsha hutoka katika kuni zako mwenyewe.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Mvuke huo hulipoza tanuru. Kuni inapopata joto hutoa hewa na moshi, na ndani ya moshi huo kuna sehemu kubwa ya nguvu ya kuni. Tanuru likiwa na joto jingi, moshi huwaka na kuwa mwali. Tanuru likipoa, moshi hauwaki. Hupita katika mabomba, huacha masizi na lami, kisha hutoka juu ukiwa umebeba joto ulilolitafuta. Kwa hiyo, unapoona moshi mzito juu ya bani, jua kwamba kuni zako zinatoka nje bila kuungua.

Fikiri tena juu ya kazi ya bani lenyewe. Katika kilo 100 za majani mabichi, zaidi ya kilo 80 ni maji. Hayo ni madebe manne, nayo yote yatolewe kwa moto. Je, ni busara kuupa moto huo kazi nyingine ya kukausha kuni?

3. Kukata, kupasua na kupanga kuni

Katika nchi yetu tumbaku hukaushwa kati ya Januari na Aprili, wakati mvua zinanyesha. Kwa sababu hiyo kuni za bani ni zao la kiangazi. Anayekwenda kutafuta kuni mwezi Februari amekwisha kuchelewa miezi minane.

Fuata utaratibu huu:

(a) Kata kuni mwezi Mei au Juni, mara baada ya mavuno. Jua kali la Juni hadi Oktoba litazikausha bila gharama.

(b) Katakata magogo kwa kipimo cha tanuru lako. Kipande kiwe kifupi kuliko tanuru kwa urefu wa kiganja, ili mlango ufungike. Kusukuma gogo refu linalotokeza nje ya mlango ni kosa nililoliona katika mabani mengi kuliko jingine lolote. Mlango hubaki wazi siku nzima, hewa baridi huingia ovyo, na joto hukimbia.

(c) Pasua kila gogo linalopita unene wa paja. Ganda la mti huzuia maji kutoka. Kuni iliyopasuliwa hukauka upesi zaidi kuliko gogo zima. Unene wa sentimeta 8 hadi 15 wafaa kwa moto wa kawaida. Weka pembeni vipande vichache vinene zaidi, vilivyokauka vizuri, kwa moto wa usiku.

(d) Usilaze kuni juu ya udongo. Tandika mawe au magogo mawili chini, ili unyevu na mchwa visizifikie. Panga kwa safu, uache nafasi za upepo kupita. Lundo la ovyo hukauka juu na kuoza chini.

(e) Kabla ya mvua za Novemba, ezeka kibanda juu ya kuni. Nyasi zatosha. Funika juu, lakini acha pande wazi ili upepo upite. Ukifunika lundo lote kwa turubai hadi chini, unafungia unyevu ndani.

Utajuaje kwamba kuni zimekauka? Zipo dalili za macho: ncha hupasuka nyufa kama miale ya jua, ganda hubanduka, na vipande viwili vikigonganishwa hulia kwa sauti kavu. Lakini ipo njia ya hakika zaidi. Siku ya kukata, chagua vipande vitatu, uvitie alama, uvipime kwa mizani ile unayopimia pamba au tumbaku, na uandike uzito. Vipime tena kila mwezi. Kipande kilichokuwa kilo 10 kitashuka mpaka karibu kilo 6 na nusu. Uzito usipopungua tena, kuni zako ziko tayari.

Tena kuni zikaushie huko huko zilikokatwa, kama hapana hatari ya wizi au moto wa porini, kisha uzisombe. Mkokoteni uliopakia kilo 500 za kuni mbichi umebeba zaidi ya kilo 200 za maji. Kwa nini kuwachosha ng'ombe kwa mzigo huo?

4. Tanuru, mabomba na mianya

Kabla ya msimu, kagua bani lako kama fundi anavyokagua kazi ya mwenziwe.

Anza na tanuru. Kuta zake ziwe za matofali ya kuchoma, zilizojengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa maana udongo huo hustahimili moto. Ziba kila ufa. Ndani ya tanuru weka chanja ya vyuma, na chini yake acha shimo la majivu lenye kilango chake. Kuni zikilala juu ya chanja, hewa hupita chini ya makaa na kuyapuliza yote sawasawa. Kuni zikilala sakafuni, hewa hupita juu, makaa ya chini hufa ndani ya majivu, nawe wayatupa yakiwa hayajaungua.

Mlango wa tanuru uwe wa chuma, ufungike kweli. Mlango wa bati lililopinda hauongozi hewa. Kama huna fedha za mlango mpya mwaka huu, kandika udongo kuzunguka fremu na utegemeze bati kwa jiwe, ili mwanya ubaki mdogo.

Kisha tazama mabomba yanayopita ndani ya bani. Yasafishe masizi kabla ya msimu na baada ya kila mkaushio mmoja au miwili. Masizi ni blanketi: huzuia joto la bomba lisiingie ndani ya bani, na joto hilo hutokea nje. Angalia pia kutu na matundu. Bomba lililotoboka hutia moshi ndani ya bani, na tumbaku ya mvuke ikinusa moshi imeharibika. Tena cheche huweza kutoka humo na kuteketeza bani zima.

Mwisho, kagua kuta na paa. Fanya jaribio hili jioni kabla ya kupakia tumbaku: funga mlango na matundu yote, weka katika tanuru nyasi zenye unyevu kidogo, uziwashe. Mtu mmoja abaki kwenye tanuru, mwingine aingie ndani na taa kwa muda mfupi atazame viungo vya mabomba, kisha atoke. Panapotoka moshi kati ya bomba na bomba, paziba kwa udongo. Halafu mchana, ingia ndani ya bani tupu na ujifungie. Panapopenya mwanga wa jua ndipo joto litakapopenya usiku. Kandika pale pale kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe.

Kazi hii ni ya siku mbili au tatu, nayo haina gharama ya fedha nyingi. Hata hivyo mwanya wa upana wa kidole chini ya paa, ukizunguka bani lote, ni sawa na kuacha dirisha wazi msimu mzima.

5. Hewa: rafiki, na pia mwizi

Moto usio na hewa hufa. Jambo hilo kila mtu alijua. Lakini wengi hawajui kwamba hewa ikizidi huiba. Hewa nyingi ikiingia, kuni huungua kwa pupa, na upepo mkali hulibeba joto hadi nje ya bomba la moshi kabla mabomba hayajapata nafasi ya kulitoa ndani ya bani. Hapo ndipo mkulima husema, "Moto ulikuwa mkali, lakini bani halikupata joto."

Hewa iongozwe kwa kilango cha chini, cha shimo la majivu. Mlango wa juu, wa kuni, ufunguliwe wakati wa kulisha tu. Wakati wa kuwasha, acha kilango cha chini wazi kabisa. Moto ukishika na makaa yakipatikana, kirudishe polepole mpaka nusu, kisha robo, huku ukitazama moshi. Moshi ndio mwalimu wako:

Moshi mwepesi, au usioonekana kabisa, maana yake moto unakwenda vema.

Moshi mweupe mzito usiokwisha maana yake kuni ni mbichi au zimelowa.

Moshi mweusi maana yake kuni ni nyingi kupita hewa. Fungua kilango kidogo, wala usiongeze kuni.

Moto unaonguruma, na bomba la nje linalowaka kwa joto, maana yake hewa imezidi. Punguza.

Usitazame moshi mara tu baada ya kutia kuni. Ngoja robo saa. Na kama bomba lako lina kibao cha kuzuia moshi, usikifunge kabisa wakati kuna makaa ndani. Sababu nitaieleza katika habari za usalama.

6. Kuwasha na kulisha

Washa moto kwa magunzi makavu ya mahindi na vijiti vyembamba, kisha vipande vya unene wa kifundo cha mkono. Usikimbilie gogo. Lengo la saa ya kwanza ni kupata kitanda cha makaa mekundu, kwa kuwa makaa ndiyo yanayowasha kuni zote zitakazofuata.

Wako wakulima wanaotaka kuweka akiba ya miti ya pamba kwa kuwashia bani. Usifanye hivyo. Miti ya pamba hung'olewa na kuteketezwa baada ya mavuno, kwa kuwa wadudu waharibifu hujificha katika masalia hayo na kungojea msimu mwingine. Ukiihifadhi nyumbani hadi Januari, unawafuga wadudu wa shamba lako na la jirani yako. Kama waitaka kwa jiko la nyumbani, imalize mapema kabla ya tarehe iliyowekwa ya kusafisha mashamba.

Wakati wa kulisha, fanya hivi. Fungua mlango polepole. Vuta makaa mbele kwa fimbo ya chuma, karibu na mlango. Weka vipande viwili au vitatu nyuma ya makaa, vikiwa karibu karibu lakini visibanane. Kipande kimoja peke yake hupoa na kufuka; vipande viwili vinavyotazamana hupashana joto na kuwaka. Funga mlango. Moto utakula kutoka mbele kwenda nyuma, nao utadumu.

Kulisha kidogo kidogo kwa saa zinazojulikana ni bora kuliko kujaza tanuru na kwenda kulala. Tanuru lililojazwa hadi juu hutoa kwanza moshi, halafu joto kali kupita kiasi, halafu baridi. Jani la tumbaku halipendi mambo hayo matatu.

Toa majivu kila siku ili chanja ipate hewa, lakini hakikisha kwanza kwamba huondoi makaa.

7. Moto wa kila hatua

Moto mmoja haufai kwa siku zote za mkaushio. Ipo siku ya moto mdogo unaodumu, na ipo siku ya moto mkali. Tundika kipimajoto ndani ya bani kwenye usawa wa majani ya ngazi ya chini, mahali unapoweza kukisoma. Nyuzi nitakazozitaja ni za Sentigredi.

Hatua ya kwanza: kugeuza rangi. Joto liwe kati ya nyuzi 32 na 38, kwa muda wa siku moja na nusu hadi mbili na nusu, kwa kadiri ya jani lako. Hapa jani bado li hai na linageuka njano. Moto uwe mdogo na wa kudumu: kipande kimoja au viwili vinene, vikavu, na kilango kilichofunguliwa kidogo. Matundu ya hewa ya bani yawe yamefungwa au yamefunguliwa kidogo tu. Moto mkali hapa huliua jani likiwa bado kijani, na ukijani huo hautatoka tena.

Hatua ya pili: kukausha jani. Panda polepole, uzi mmoja kwa saa, kutoka nyuzi 38 mpaka karibu 54. Fungua matundu ya juu na ya chini, kwa kuwa sasa maji mengi yanatoka. Hapa ndipo kuni nyingi hutumika, na hapa ndipo kuni kavu zinapolipa. Ukipandisha joto upesi wakati jani lingali na maji, jani hubabuka na kuwa la kahawia. Ukichelewa kwa sababu moto hauna nguvu, jani huanza kuharibika na kupata madoa. Njia ni nyembamba, na ni moto unaotii peke yake utakaokupitisha.

Hatua ya tatu: kukausha kikonyo. Funga matundu hatua kwa hatua, upandishe joto mpaka nyuzi 70 hivi, wala usipite 74. Moto uwe mkali na usioyumba, kwa siku moja na nusu au mbili, mpaka vikonyo vyote vivunjike kwa mlio. Kagua ngazi ya juu na pembe za bani, maana huko hukauka mwisho. Katika hatua hii joto lisishuke hata usiku mmoja. Kumbuka ile michirizi myeusi.

8. Zamu ya usiku

Moto hauna Jumapili wala usiku. Panga zamu za watu wazima wawili au zaidi. Usimwachishe mtoto shule kwa ajili ya kuchochea bani. Wala usimwachie peke yake moto wa usiku, kwa sababu ni hatari kwake na kwa bani.

Andika katika daftari au ubaoni saa, nyuzi za kipimajoto, na idadi ya vipande vilivyowekwa. Anayepokea zamu asome kwanza. Baada ya mikaushio miwili utajua tanuru lako linataka vipande vingapi kwa saa ngapi katika kila hatua. Mkulima mwenye daftari hakisii.

Jioni, kabla giza halijaingia, leta karibu na tanuru kuni zote za usiku huo, ziwe chini ya paa lakini mbali na mlango wa moto. Yule mkulima niliyemtaja aliharibikiwa kwa sababu ya kukosa jambo hili moja.

9. Usalama

Makaa yanayokosa hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hupata kizunguzungu, kichwa huuma, halafu huzimia. Basi usilale ndani ya bani au katika chumba kilichoungana na tanuru, wala usizibe bomba la moshi ili "kutunza makaa".

Jani kavu likianguka juu ya bomba la moto huwaka mara moja. Funga majani imara katika vijiti, acha nafasi ya kutosha kati ya mabomba na ngazi ya chini, na tandaza waya wa matundu juu ya mabomba ukiweza. Weka mapipa ya maji na mchanga karibu. Ukisikia harufu ya jani linaloungua, usifungue mlango mkubwa kwa haraka, maana hewa itauchochea moto. Funga kwanza hewa ya tanuru, ita watu, kisha ingia ukiwa na maji.

10. Kuni za mwaka ujao

Mti mmoja leo unatakiwa na wengi. Mchimbaji mdogo wa dhahabu anautaka kwa matimba ya kuzuia kuta za shimo lake. Mchoma mkaa anautaka kwa soko la Kahama na la Geita. Mama anautaka kwa jiko, nawe unautaka kwa bani. Mabani ya asili mara nyingi hula kilo 10 za kuni au zaidi kwa kilo moja ya tumbaku iliyokauka. Mkulima asiyepunguza kiasi hicho atafuata kuni mbali zaidi kila mwaka, mpaka siku atakapozinunua kwa bei ya kula faida yote.

Wenzetu wa upande wa Shinyanga walikwisha kuiona hali hiyo. Misitu yao ilifyekwa miaka mingi, kwanza kwa kufukuza mbung'o, halafu kwa mashamba na mifugo. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi tu. Mradi haukuleta jambo geni. Uliwarudisha watu kwenye desturi ya Wasukuma ya kuzuilia eneo la malisho ili lipumzike. Mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi ikachipua. Baada ya miaka chini ya ishirini, ngitili zilikadiriwa kupita hekta 300,000. Ngitili hizo zikatoa majani ya mifugo, dawa, asali, fito na kuni.

Wewe nawe tenga ngitili ya bani, hata kama ni ekari moja au mbili. Kata miti kwa zamu, sehemu moja kila mwaka, wala usikate yote. Kata wakati wa kiangazi kwa shoka kali, kisiki kiwe kifupi, laini na chenye mteremko ili maji yasituame. Mitundu na jamaa zake wa miombo huchipua tena kwenye kisiki. Punguza machipukizi yabaki mawili au matatu yenye nguvu, na uzuie mbuzi na moto. Pamoja na hayo panda mijohoro au mikaratusi, lakini mikaratusi isiwe karibu na kisima wala chemchemi. Hifadhi za misitu za serikali zina sheria zake. Usikate humo bila kibali.

Kanuni za bani ni kanuni za jiko pia. Kuni kavu zilizopasuliwa, vipande vichache kwa wakati mmoja, jiko la udongo lenye kuta na nafasi ya hewa chini: hayo yatampunguzia mama moshi wa macho na mwendo wa kutafuta kuni.

11. Kalenda ya moto

Mei na Juni: kata, katakata na pasua kuni. Pima vipande vya alama.

Julai hadi Septemba: acha zikauke. Tengeneza tanuru, chanja na mlango.

Oktoba: sombea kuni nyumbani, ezeka kibanda.

Novemba na Desemba: panda miti yako pamoja na tumbaku. Safisha mabomba, ziba mianya, fanya jaribio la moshi.

Januari hadi Aprili: kausha, andika daftari, panga zamu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu

1. Kuni zetu za msimu huu zilikatwa mwezi gani?
2. Ni bani la nani ambalo mlango wa tanuru haufungiki, na gharama ya kuutengeneza ni kiasi gani?
3. Kila mmoja alitumia mikokoteni mingapi ya kuni kwa mkaushio mmoja, naye alipata kilo ngapi za tumbaku?
4. Ni nani kati yetu aliyetumia kuni chache kuliko wote, na anafanyaje?

Swali la nne lisiachwe. Nendeni pamoja mkatazame bani la mwenzenu huyo wakati moto unawaka, mtazame moshi wake, na mumwulize aonyeshe daftari lake. Halafu mwiteni Bwana Shamba wenu aje mjadiliane naye. Mwaka huu kila mmoja ajaribu kupunguza mkokoteni mmoja tu wa kuni kwa kila mkaushio. Atakayefaulu ajue kwamba amepata tumbaku bora, usingizi zaidi, na miti iliyobaki imesimama kwa ajili ya mwaka kesho.